Risasi ya Kwanza

Kuna swali moja ambalo nimetembea nalo tangu ujana wangu hadi sasa mvi zimeniota, nalo ni hili: mtu hujulikana kwa tendo lipi? Je, ni lile analolitenda ghafla, kabla hajapata nafasi ya kufikiri, au ni lile analolitenda baada ya kujikusanya, akatulia, na akajua kwamba watu wanamtazama? Wengi wetu tungependa kuhukumiwa kwa lile la pili. Tukikosea mwanzoni tunasema, "Nilishtukizwa, si kawaida yangu." Tukipatia baadaye tunasema, "Sasa hapo mmeniona mimi mwenyewe." Nami nilikuwa mtetezi mkubwa wa hoja hiyo, mpaka bunduki moja kuukuu iliponifundisha kinyume chake.

Bunduki yenyewe ilikuwa gobole la mjomba wangu, huko Kwamkoro, katika milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Msomaji asiyepajua aelewe kwamba ni mahali pa baridi na ukungu. Pwani ya Tanga haiko mbali, lakini mtu akipanda kutoka Muheza kupitia Amani, joto la kwenye mikonge hubaki chini na blanketi huanza kutafutwa. Juu kuna msitu mkubwa na mashamba ya chai, na kandokando ya msitu wakulima hupanda iliki, ndizi, magimbi, mihogo na mahindi. Na penye mahindi kando ya msitu, nguruwe pori hayuko mbali.

Ugomvi wa mkulima wa milima yetu na nguruwe ni wa kale. Hata habari za utawala wa Wakilindi, kama alivyoziandika Abdallah bin Hemedi katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi, zinaanza na mwindaji. Mbegha alitoka Nguu akawinda nguruwe katika milima yetu, na watu wakampenda kwa kuwa aliwaondolea adui wa mashamba na akawagawia nyama. Baadaye wakamfanya mfalme. Mjomba wangu hakuupata ufalme, ila shukrani za majirani alizipata. Nyama ya nguruwe iliwaendea majirani Wakristo. Majirani Waislamu hawakuigusa, lakini waliifurahia mihogo yao iliyosalia shambani.

Naomba nisieleweke vibaya. Mjomba alikuwa na kibali cha silaha yake, na alifyatua shambani kwake tu, si msituni. Leo mambo yamebadilika. Msitu wa Kwamkoro uliingizwa katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997, na ni jambo jema, kwani mti uliochukua karne mbili kukua haurudishwi kwa msumeno. Kumiliki gobole bila kibali ni kosa la jinai. Basi siandiki haya ili mtu aende kutafuta bunduki. Ninayasimulia kwa sababu ya kile nilichojifunza nikiwa nimeishika.

Ilikuwa mwaka 1981. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka hali ya baada ya vita vya Kagera: sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sukari ya kugawana kwa kijiko, na nguo zilivaliwa mpaka zikakataa kiraka. Baruti na fataki zilikuwa adimu vilevile. Hapakuwa na mtu wa kufyatua risasi tatu za majaribio ili aone bunduki imeamkaje. Mjomba alikuwa na haki ya kosa moja kwa mwezi, na mara nyingine hakuwa nayo hata hiyo.

Risasi alizisubu mwenyewe. Kiswahili chetu kina hekima yake hapa, kwa maana neno risasi ni jina la madini na pia ni jina la kile kinachotoka mtutuni. Mjomba alikuwa na sufuria kuukuu isiyorudi jikoni tena, na kalibu ya chuma yenye vishikio viwili kama koleo. Madini ya risasi huyeyuka upesi kuliko chuma au shaba. Nyuzi joto 327 zinatosha, na moto mzuri wa mkaa unafika hapo. Aliyayeyushia nje, upepo ukiwa nyuma yake, kwa kuwa moshi wake ni sumu, akaengua taka zilizoelea juu, akamimina. Iliyotoka na mkunjo aliirudisha sufuriani bila huruma. Nilimwuliza mara moja kwa nini asiitumie tu, maana mkunjo wenyewe ulikuwa mdogo. Akasema, "Nguruwe hatauona mkunjo, mpwa wangu, lakini risasi itaujua."

Sasa nieleze jambo la mtutu wa baridi, kwa kuwa ndilo kiini cha habari hii.

Bunduki ya risasi za kusubu ina tabia ya ajabu. Risasi ya kwanza ya asubuhi mara nyingi huenda mahali pake, na zile zinazofuata huenda mahali pengine. Huenda ya kwanza ikapita juu, au chini, au kando, kisha ya pili, ya tatu na ya nne zikakusanyika pamoja kama vifaranga. Sababu zake si uchawi. Mtutu uliosafishwa hubaki na mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo hubadilisha mwendo wa risasi ya kwanza. Baada ya mlipuko mmoja hali ya ndani ya mtutu si ile tena: sasa umepakwa masizi na nta, na kila risasi inayofuata hupita juu ya njia iliyokwisha kutandikwa. Isitoshe, nta inayolainisha risasi hukakamaa kwa baridi na kulainika kwa joto. Katika gobole linalojazwa kwa mdomo kuna balaa zaidi, kwani mafuta yakishuka hadi chini huilowesha baruti, au huziba kile kitundu ambacho moto wa fataki hupitia. Hapo ndipo fataki hulia, pakapita kimya kifupi, kisha mlipuko ukatoka dhaifu na kwa kuchelewa, wakati mkono wa mlengaji umekwisha kulegea.

Jambo hili si la magobole ya vijijini peke yake. Kule chini Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walipigana na Waingereza wakiwa na bunduki za Mauser za mtindo wa mwaka 1871, za risasi moja moja, zenye kutoa moshi mzito. Risasi yake ilikuwa ya madini yale yale laini, imezungushiwa karatasi na kuwekewa nta nyuma yake. Hata leo, katika nchi ambako watu hulenga shabaha kwa mchezo, wako wenye bunduki za kisasa zenye mifereji inayozunguka ndani ya mtutu, ambao bado husubu risasi zao wenyewe. Huchanganya madini hayo na bati ili yajaze kalibu vizuri, huongeza rasimu ya madini magumu kidogo ili risasi isikwanguke njiani, na huhakikisha risasi ni nene kidogo tu kuliko mtutu ili izibe vizuri. Pamoja na ufundi wote huo, swali la risasi ya kwanza linawasumbua kama lilivyomsumbua mjomba.

Wenye bunduki hujibu swali hili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kufyatua risasi moja au mbili za kuupasha mtutu, wasizihesabu, kisha waanze kuhesabu. Hiyo ni njia ya mchezoni, wala haina ubaya mahali pake. Njia ya pili ni kuiheshimu ile ya kwanza. Mtu hukausha mtutu kwa kitambaa mpaka kitoke kikavu, huchagua nta iliyolainishwa kwa mafuta kidogo ili isigande, hupaka kiasi kile kile kila siku, kisha hulenga risasi moja tu, akaenda zake. Kesho asubuhi hurudi, akafyatua moja tena katika shabaha ile ile. Baada ya siku nyingi matundu ya asubuhi zote huwa mbele yake. Hapo haoni namna bunduki yake inavyopiga ikichangamka, bali namna inavyopiga ikiwa baridi. Halafu hurekebisha mlengo wake kufuata hiyo.

Mjomba alikuwa mtu wa njia ya pili, na hakuwa na hiari. Nguruwe haji shambani kusubiri mtutu upate moto. Risasi ya kwanza ikikosa, hakuna ya pili, hasa kwa gobole ambalo kulijaza upya kunahitaji baruti, nyuzi za mkonge za kushindilia, risasi, mdeki na dakika nzima. Ikimpata mnyama vibaya, hilo ni baya kuliko kukosa kabisa, maana mnyama aliyejeruhiwa huondoka na mateso yake, na mwenye bunduki hubaki na deni.

Kwa sababu ya unyevu wa Kwamkoro mjomba hakuweza kuacha masizi ndani ya mtutu. Baruti ile huvuta maji na kuleta kutu kwa usiku mmoja. Hivyo kila alipofyatua aliuosha mtutu kwa maji ya moto, akaukausha, akaupaka mafuta ya cherehani. Na kabla ya kujaza tena, aliyatoa mafuta yote kwa kitambaa kikavu, kisha akapasua fataki moja tupu ili kuunguza mafuta yaliyobaki kwenye kitundu. Kazi ya kukausha alinipa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikajiona mwanamume.

Usiku mmoja wa mwezi Juni nilikuwa nimechoka, baridi ilikuwa kali, na kitambaa kikavu kilikuwa jikoni ambako moto ulikwisha kuzimika. Nilijiambia nitakausha alfajiri. Alfajiri ilipofika, mjomba aliniamsha ghafla kwa kunigusa bega. Nguruwe walikuwa shambani. Alikuwa amekwisha kulishika gobole, baruti i mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umekausha?"

Nikajibu, "Ndiyo, mjomba."

Naomba msomaji asimame nami hapo kidogo. Sikuwa nimepanga kusema uongo. Sikuwa na faida kubwa ya kuupata. Ningesema "bado," angekausha mwenyewe kwa muda mfupi tu, na pengine angenikemea kwa neno moja. Lakini nilikuwa baridi, nimeshtuliwa usingizini, na jibu likatoka lenyewe, kama maji yanavyofuata mfereji uliochimbwa zamani. Na mfereji huo niliuchimba mimi. Nilikuwa nimezoea kusema ndiyo kwa mambo madogo: umechota maji? ndiyo, umefunga mbuzi? ndiyo, kisha nakwenda mbio kuyafanya kabla hayajagundulika. Asubuhi ile sikuwa na nafasi ya kwenda mbio.

Kwa kuwa aliniamini, na kwa kuwa fataki zilikuwa chache na nguruwe wako mbele yetu, hakupasua ile fataki tupu. Akajaza, tukanyemelea hadi kwenye ukingo wa mahindi. Akalenga dume kubwa, kiasi cha hatua ishirini. Fataki ikalia. Pakapita kimya. Kisha mlipuko ukatoka mzito, wa kukohoa, na moshi mweupe uliotuziba macho. Nguruwe akalia, akaanguka kwa nyuma, akainuka, akaingia msituni akiburuta mguu.

Tulimfuata siku ile na siku ya pili kwa alama za damu, mpaka mvua ikazifuta. Siku ya tatu mama mmoja jirani yetu alikwenda pembezoni mwa msitu kuokota mbegu za msambu, zile za kukamua mafuta. Alimkuta amelala kichakani. Mnyama mwenye maumivu hana pa kukimbilia ila mbele. Alimpasua yule mama paja.

Mama huyo hakufa, namshukuru Mungu. Alibebwa kwa machela hadi kwenye matibabu, akapona, lakini hakutembea sawa tena maisha yake yote. Mjomba aliuza debe la iliki na mbuzi wake wawili kugharimia matibabu. Kijijini watu walimhurumia kwa namna inayouma kuliko kulaumiwa. Walisema, "Mzee mikono imeanza kutetemeka." Wengine walisema aiache bunduki, awaachie vijana. Mimi nilikuwa nimeketi papo hapo, kijana mwenye mikono isiyotetemeka, nami nikanyamaza.

Tangu hapo nimesoma na kusikia mengi kuhusu swali lile la mwanzo, nami nimeona kwamba watu wenye hekima waliliona kabla yetu. Aristotle, yule Mgiriki wa kale, alieleza kwamba ushujaa unaoonekana katika hatari ya ghafla unaonyesha tabia ya mtu zaidi kuliko ule wa hatari iliyotazamiwa. Kwa kuwa yaliyotazamiwa mtu anaweza kuyapangia kwa akili, lakini ya ghafla huyakabili kwa jinsi alivyo. Majirani zetu Waislamu hufundishwa katika hadithi ya Mtume kwamba subira ya kweli ni ile ya pigo la kwanza la msiba. Baada ya wiki mbili kila mtu husubiri, kwa kuwa hana la kufanya. Na sisi Wakristo tunaye Petro. Injili ya Yohana haikuacha kutaja kwamba usiku ule kulikuwa na baridi, na kwamba Petro alikuwa amesimama akiota moto pamoja na watumishi. Hakuulizwa na hakimu wala askari mwenye upanga. Mara ya kwanza aliulizwa na kijakazi mlangoni, swali dogo, la ghafla, na jibu likatoka baridi: hapana. Kila nilisomapo habari hiyo naisikia sauti yangu mwenyewe: ndiyo, mjomba.

Lakini hebu tumtendee haki yule anayepinga. Atasema: si haki kumpima mtu kwa dakika aliyoshtuliwa. Binadamu ana akili, na akili inahitaji muda. Mtu aliyekasirika akainua mkono, kisha akaushusha, je, tumhukumu kwa kuuinua au kwa kuushusha? Hoja hii ina uzito. Mimi mwenyewe namheshimu zaidi aliyeushusha mkono kuliko asiyejua hasira. Na kama tendo la kwanza lingekuwa neno la mwisho juu ya mtu, basi kusingekuwa na maana ya toba, wala ya shule, wala ya jela kuwa na mlango wa kutokea.

Hata hivyo naona hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Yako matendo ambayo yanatupa nafasi ya kuushusha mkono, na yako matendo ambayo yakishatoka yametoka. Yule mama wa msambu hakujeruhiwa na tabia yangu niliyoikusanya baadaye. Alijeruhiwa na jibu langu la kwanza. Kwa upande wa mtu anayepatwa na tendo letu, mara nyingi hakuna risasi ya pili. Mtoto anayemjia baba yake na swali gumu wakati baba amechoka, mgonjwa anayemfikia mhudumu mwisho wa zamu, mgeni anayebisha hodi usiku: hao wote hukutana na mtutu wetu ukiwa baridi. Kuwaambia kwamba sisi kwa kawaida ni watu wema tukichangamka hakuwasaidii kitu.

Basi je, tendo la kwanza linaweza kufunzwa? Hapa ndipo mjomba aliponifikisha bila ya vitabu.

Baada ya msiba ule hakuiacha bunduki, wala hakujitetea kwa neno. Alitafuta ubao wa mtambara, akaupigilia kwenye ukingo wa udongo nyuma ya nyumba, akachora duara kwa mkaa. Kisha kila Jumamosi alfajiri, kabla hata ya uji, alifyatua risasi moja tu. Hakufyatua mbili hata siku moja. Alitafuta baruti kwa njia zake halali na kwa kujinyima. Aliacha kuvuta tumbaku ili ainunue. Risasi yenyewe haikupotea, kwa maana tuliichimba kutoka udongoni nyuma ya ubao, tukairudisha sufuriani, ikasubiwa tena. Nadhani mwaka ule mzima tulitumia kilo ile ile ya madini.

Kazi ya kukausha mtutu aliniachia mimi vilevile. Watu walishangaa. Na kila Jumamosi, akiwa na baruti mkononi, alinitazama usoni akauliza swali lile lile kwa sauti ile ile: "Umekausha?" Nami nilikuwa nimekausha kweli, nilikausha mpaka kitambaa kikatoka cheupe, kwa sababu ya hofu. Nikajibu, "Ndiyo, mjomba." Akapasua fataki tupu, akajaza, akafyatua, akaweka alama ya mkaa kando ya tundu. Baada ya miezi mitatu matundu yalikuwa yamekusanyika chini kidogo ya duara, upande wa kushoto, yote mahali pamoja. Hapo akaanza kulenga juu kidogo na kulia, na risasi za alfajiri zikaanza kuingia ndani ya duara. Hakuubadilisha mtutu kuwa kitu kingine. Alikubali kuujua jinsi ulivyo ukiwa baridi, akaanzia hapo.

Jumamosi moja nililala kwa majirani kwenye harusi, nikarudi alfajiri macho mazito. Mjomba alikuwa amekwisha kusimama nje katika ukungu. Akauliza, "Umekausha?" Nilihisi neno lile la zamani likipanda kooni, jepesi, limezoea njia. Kisha nikasikia mdomo wangu unasema, "Sijakausha, mjomba."

Hakusema kitu. Alinipa kitambaa. Nilikuwa nakausha, mikono inaganda, machozi yakaanza kunitoka, na hapo hapo nikamwambia habari ya Juni yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilinusa mafuta ndani ya moshi. Mafuta ya cherehani yakiungua yana harufu yake."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, akawaacha watu waseme mikono yake inatetemeka. Alichojibu nimekihifadhi: "Ningekuambia mimi, ungekiri kwa sababu umekamatwa. Na kesho ningekuuliza jambo jingine ghafla, ungenijibu vilevile." Halafu akaongeza, "Mimi pia nilikosa. Fataki tupu ni kazi yangu, nikaibana. Tulikosa wawili."

Nilidhani mambo yameishia hapo, kwa kuwa kijana hupenda machozi yawe malipo. Mjomba akasema, "Deni si langu." Akanipeleka kwa yule mama mchana ule ule. Tulimkuta ameketi kizingitini, mguu ameunyoosha, anachambua mboga. Nilimwamkia, nikapiga magoti, nikasema. Hakulia wala hakunikumbatia kama inavyosimuliwa katika hadithi. Alinitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Miezi yote hii ulikuwa unanipita hapa unaniamkia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi kuni zangu nani ataleta?" Nikamletea kuni na maji mwaka mmoja na nusu, mpaka nilipoondoka kwenda kusoma. Sijui kama alinisamehe. Hakupata kunitamkia, nami sikuona haki ya kumwuliza.

Msomaji mpendwa, sasa niseme ninachokiamini. Mtu si tendo lake la kwanza peke yake, lakini tendo lake la kwanza ni habari ya kweli kumhusu, na si vizuri kuitupa habari hiyo eti kwa kuwa haipendezi. Tumezoea kuyahesabu matundu yetu mazuri ya mchana, tukayaita tabia, na lile la alfajiri tukaliita bahati mbaya. Mwenye busara hufanya kinyume. Huweka ubao mmoja kwa asubuhi zote, akaangalia: nikishtuliwa, huwa nasema nini? Nikiombwa msaada nikiwa na usingizi, mkono wangu huenda wapi? Nikilaumiwa mbele za watu, neno langu la kwanza ni lipi? Majibu yakikusanyika mahali pamoja, basi hapo ndipo bunduki yako inapopiga. Usiape kwamba kesho itapiga katikati. Anza kulenga kwa kuzingatia hilo.

Na matayarisho hayafanywi wakati nguruwe yuko shambani. Hufanywa jioni, wakati hakuna anayekutazama na moto umekwisha kuzimika, kwa kitambaa kikavu, katika mambo madogo kama kujibu "bado" pale ambapo ni bado. Wahenga walisema mazoea hujenga tabia. Mimi naongeza kwamba tabia ndiyo inayojibu kabla yetu.

Petro naye, kwa yule anayeisoma Injili ile hadi mwisho, alipewa alfajiri nyingine kando ya ziwa, penye moto wa makaa, akaulizwa tena mara tatu. Sidhani kwamba usiku wa kwanza ulifutwa. Nadhani aliulizwa tena ili ajibu.

Mjomba wangu ameshatangulia mbele ya haki, na gobole lake lilisalimishwa kwa serikali kwa utaratibu. Ubao wa mtambara niliuona mara ya mwisho umegeuzwa kuwa mlango wa banda la kuku, matundu yamekusanyika pamoja, na mwanga unapita. Hata sasa, mtu akiniuliza jambo kwa ghafla, kabla sijajibu huisikia kwanza sauti ile ya chini katika ukungu: umekausha? Siku nyingi naweza kusema ndiyo. Siku nyingine nasema bado, nikatafuta kitambaa.